Sahani ya Tano

Mimi ni mtu wa papara, na nasema mapema ili msomaji asije akashangaa. Bibi yangu alipenda kuwaambia wageni kwamba nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu, na tangu siku hiyo sijawahi kungoja kitu kiive. Nikipika maharage, yanabaki na kiini kigumu. Nikipiga hesabu, nakimbilia jibu kwanza, kisha narudi nyuma kuitafuta njia. Mwaka wa mwisho wa masomo yangu ya kilimo hapa Kamina, papara hiyo ilinifanya nipite mbele ya jambo kubwa bila kulisalimu, na jambo lenyewe lilikuwa bibi yangu.

Kwetu bibi tunamwita Nkambo. Aliishi pembeni mwa mji, kwenye barabara iendayo Kaniama, pamoja na mjomba wangu na mkewe. Yeye ndiye aliyenilea, kwa kuwa mama yangu alifuata kazi Lubumbashi nikiwa bado natambaa. Kati ya bibi na mjukuu wake utani hauna mpaka, basi aliniita muke mwenzangu na kudai kwamba nilimnyang'anya mume wake, marehemu babu, ambaye alifariki kabla sijaota jino hata moja. Nilimjibu kwamba mume mwenyewe alinipendelea mimi. Tuliishi hivyo, tukichokozana tangu asubuhi, na sikujua mtu mwingine duniani niliyempenda zaidi.

Nkambo alikuwa na kazi isiyo na mshahara: kuonja. Palipokuwa na harusi, ubatizo au kilio katika mtaa wetu, sufuria hazikuondolewa motoni mpaka aitwe. Alifika taratibu, akanawa, akamega bukari, ugali wetu wa muhogo, kwa vidole viwili, akachovya katika mchuzi, akatia mdomoni, akanyamaza. Kina mama wote walisimama na miiko yao wakimtazama shavu. Kisha alisema neno moja tu, "Iko," na chakula kikatoka. Asiposema, chungu kilirudi motoni, na niliwahi kumwona padri amekaa mezani na uma mkononi akingojea shavu la bibi yangu. Hata katika chakula cha kawaida, kina mama wanapokula sahani moja, hakuna anayemega kabla mkubwa hajamega. Huo ni utaratibu wa nyumbani, hakuna aliyewahi kutufundisha kwa maneno.

Sasa, kazi yangu ya kumaliza masomo ilihusu mihogo. Mradi mmoja wa kilimo ulikuwa umeleta aina tatu mpya ambazo hazikunji majani kwa ugonjwa, na kina mama wa parokia walitaka kupanda aina moja katika shamba lao la pamoja. Lakini muhogo usiougua na wenye bukari mbaya ni wa kazi gani? Nikachukua aina hizo tatu na ule wetu wa zamani, nikailoweka yote siku zilezile, nikaianika na kuitwanga kwa namna moja, nikapata unga wa aina nne. Ilibaki kuwauliza walaji kumi na wawili upi ni mtamu.

Mwalimu aliyekuwa akiniongoza alikuwa mtu wa Kabongo, mwembamba, hapandishi sauti hata mvua ikipiga bati. Alinikataza kuwaomba kina mama watoe alama juu ya kumi. Mama mmoja, alisema, atatoa tisa kwa kila kitu kwa sababu amelelewa vizuri. Mwingine atatoa tatu kwa sababu ameamka amegombana na mumewe. Tisa ya huyu na tatu ya yule haziwezi kukaa kwenye mizani moja. Afadhali nimpe kila mama sahani zote nne, nimwombe azipange kuanzia tamu kabisa hadi ya mwisho. Ya kwanza inapata moja, ya mwisho inapata nne. Hapo hakuna anayelinganishwa na jirani yake, kila mmoja anajilinganisha na nafsi yake, ulimi wake uleule mbele ya vitu vinne.

Kisha najumlisha nafasi za kila unga. Ikiwa unga wote ni sawa, nafasi zitatapakaa: huyu ataweka huu mbele, yule ataweka ule, na mwishowe jumla nne zitakaribiana. Ikiwa kweli mmoja unapita mingine, utakuwa unakaa mbele kwa karibu kila mtu, na jumla yake itabaki ndogo. Hesabu yote ya jaribio hilo ni kupima jumla zimeachana kiasi gani, na kuuliza kama zingeweza kuachana hivyo kwa bahati tu, kana kwamba kila mama alipanga sahani zake huku amefumba macho. Niliipenda siku hiyohiyo. Haikudai mashine wala maabara, ilidai tu watu wenye ndimi. Mwalimu aliongeza sharti moja, kwamba kila kinywa kiseme peke yake, nami nikaliandika katika daftari kwa mwandiko mzuri na sikulifikiria tena.

Jaribio la kwanza nilifanya Jumamosi asubuhi katika ua wa Nkambo. Kina mama kumi na wawili walikuja, Nkambo mwenyewe na mke wa mjomba wakiwa miongoni mwao. Niliweka sahani nne juu ya meza, kila moja na karatasi yake: A, B, C, D. Nikawaomba wapite mmoja mmoja. Bila shaka aliyepita kwanza alikuwa Nkambo. Ningewezaje kumweka mtu mwingine mbele yake, katika ua wake, mbele ya chakula? Alionja sahani zote, akanyamaza kama kawaida yake, kisha akatamka: D, halafu B, halafu A, na C ya mwisho. Akafuata mke wa mjomba. D, B, A, C. Akafuata jirani. D, B, A, C. Nilipofika kwa mama wa kumi na mbili nilikuwa nimekwisha kuiandika kabla hajafungua mdomo.

Umeme ulikuwa umekatika, nikapiga hesabu kwa simu nikiwa nimekaa mlangoni. D ilipata kumi na mbili, B ishirini na nne, A thelathini na sita, C arobaini na nane. Namba ya jaribio ilitoka thelathini na sita, na nilipoangalia kanuni nikaona kwamba kwa watu kumi na wawili na vitu vinne haiwezi kupanda zaidi ya hapo. Ilikuwa imefika darini. Makubaliano kamili, bila hata mmoja kuteleza. Kichwa kilinivimba. Nilijiona nimepata matokeo ambayo hata walioandika kitabu hawakuwahi kuyaona, nikalala nikiwaza nitavaa nini siku ya kutetea kazi yangu.

Mwalimu alitazama karatasi kwa muda mfupi sana. Aliniuliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, ambacho kwa kawaida hakukitumia chuoni.

"Nani alionjaka wa kwanza?"

Nikasema ni bibi yangu. Akauliza wengine walikuwa wapi wakati huo, nikasema walikuwa palepale, wamesimama.

"Basi hauna bamama kumi na mbili," alisema. "Uko na mama moja, ulimuandika mara kumi na mbili."

Nilikasirika, na nilipokuwa msichana hasira zangu zilikuwa na mdomo. Nilimwambia penye wazee haliharibiki neno. Alikubali, akasema methali hiyo ni nzuri sana kwa kesi za mashamba, lakini mimi nimekuja kupima ndimi, na ulimi ni kama akili, kila mtu ana wake. Kisha akanipa masharti mapya. Nimtembelee kila mama nyumbani kwake, akiwa peke yake. Nitupe herufi, kwa sababu aliyepita shuleni anajua A ni ya kwanza kabla hajaonja. Na niongeze sahani ya tano, ambayo ndani yake kuna bukari ileile ya mojawapo ya zile nne, bila kumwambia mtu. Ulimi unaosikia utaziweka hizo mbili karibu karibu. Anayebahatisha atazitupa huku na kule.

Basi nikaanza upya. Kwa majuma mawili nilizunguka mtaa na unga wangu katika mifuko mitano, nikipika katika jiko la kila mama ili bukari iwe ya moto. Badala ya herufi niliweka kitu kando ya kila sahani: karanga, haragwe, punje ya mahindi, kifungo cha shati, na kajiwe. Kifungo na kajiwe ndivyo vilivyokuwa bukari moja. Mama akimaliza kuonja alivipanga vitu hivyo juu ya kigoda, kuanzia tamu hadi ya mwisho, nami nikaandika.

Ilikuwa kama kukutana na watu wapya. Mama mmoja aliyeitangaza D kuwa ya kwanza uani sasa aliiweka ya mwisho, akacheka huku amefunika mdomo. Mwingine aliniuliza kwanza kama Nkambo ataiona hiyo karatasi, nilipomhakikishia kwamba hapana, alipanga haraka haraka, kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni tangu zamani. Mmoja alisema muhogo wetu wa zamani ndio chakula na mingine ni ya kulishia nguruwe. Walitofautiana, wakabishana na nafsi zao, wakarudia kuonja. Lakini karibu wote waliweka kifungo na kajiwe vikigusana, au vikiachana kwa nafasi moja. Mwalimu alikuwa amesema kweli, na iliniuma kidogo.

Nkambo nilimwacha wa mwisho. Nilitaka kufunga kazi kwa ulimi bora. Alikaa kwenye kigoda chake cha jikoni, akamega kila sahani, akaibonyeza bukari kati ya vidole kwa muda, akala. Kisha akapanga. Kifungo akakiweka mbele kabisa. Halafu karanga, mahindi, haragwe. Kajiwe akakiweka mwisho kabisa. Niliinamisha kichwa na kuandika kama vile hakuna kitu. Aliniuliza kama ni hiyo tu. Nikasema ni hiyo tu, nikamshukuru, nikakusanya sahani zangu.

Nje nilimkuta mke wa mjomba akifua. Huyo ni mama mpole, aliyeingia katika familia yetu akiwa msichana na kumheshimu mama mkwe wake kwa miaka yote bila kukosea hata siku moja. Nilimwonyesha daftari. Hakuhitaji maelezo. Alikamua nguo iliyokuwa mkononi, akatazama mlango wa jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini.

"Tuko tunajua bote, tangu ile homa. Haskie tena kitu mu kinywa. Sasa weye ungetaka tumuambie nini? Eti abakie kule, hatutamuita tena ku nyungu?"

Homa hiyo niliikumbuka. Ilimlaza majuma matatu wakati wa mvua za mwaka uliotangulia, nami nilikuwa katika mitihani. Mke wa mjomba alinisimulia yaliyofuata. Kwenye ubatizo mmoja sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa imetiwa chumvi na watu wawili, kila mmoja bila kumjua mwenzake. Nkambo akaonja, akanyamaza, akasema iko. Watu wakala wakinywa maji mpaka ndoo zikaisha, na hakuna aliyesema neno. Tangu hapo kina mama walijipanga. Mmoja anaonja kwa siri nyuma ya nyumba, anarekebisha, ndipo Nkambo anaitwa. Mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kumlinda, na mimi nilikuwa nimekuja na sahani zangu kuyapima makubaliano hayo bila kujua ninapima nini.

Nilimpelekea mwalimu habari hiyo nikiwa nimenyong'onyea. Alisema inawezekana kumwondoa mlaji mmoja katika hesabu, lakini haiwezekani kumwondoa kimyakimya. Atakayesoma lazima ajue ni kwa nini wamebaki kumi na mmoja. Shahidi akifukuzwa barazani, sababu inaandikwa.

Hapo ndipo hofu iliponishika. Nikiandika sababu, itasomwa siku ya kutetea kazi, mbele ya watu. Na siku hiyo familia nzima ingekuja, kama ilivyo desturi yetu, na kina mama wale kumi na mmoja, na majirani wa mtaa, wote wakiwa na kitenge cha sare. Kila mmoja wao alikuwa akijua na kila mmoja alikuwa akijifanya hajui. Neno likishatamkwa hadharani, kujifanya kungekwisha. Nani angemwita kwenye chungu mtu aliyetangazwa chuoni kwamba hasikii ladha? Angekuwa anakaa kwenye harusi kama mgeni yeyote, akingoja kuletewa sahani. Niliwaza shavu lake lisilotazamwa na mtu, nikalia, nami si mwepesi wa kulia.

Nikapata njia, au nilidhani nimepata. Kazi zetu huandikwa kwa Kifaransa, na Nkambo alijua Kiluba na Kiswahili tu. Chini ya ukurasa wenye jedwali, kwa herufi ndogo, niliandika mistari miwili ya Kifaransa: kwamba mlaji mmoja, wa umri mkubwa, ameondolewa kwa sababu amepoteza uwezo wa kuonja kufuatia ugonjwa. Hesabu ya waliobaki ilitoka vizuri. Haikufika darini kama ile ya kwanza, lakini ilipita kwa heshima kiwango ambacho bahati tu ingeweza kufikia, na muhogo wetu wa zamani ukatokea mbele pamoja na mmoja wa ile mipya, kwa jumla zilizokaribiana sana. D, ile ambayo ua mzima uliiimbia, iliangukia nafasi ya tatu.

Siku ya kutetea ilifika. Chumba kilijaa, madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, na Nkambo alikaa mstari wa mbele amevaa viatu vya kufunga ambavyo huvaa Pasaka na Krismasi. Nilizungumza Kifaransa changu chote. Nilieleza nafasi, jumla, kwa nini kila mtu hulinganishwa na nafsi yake. Kila nilipotua, kina mama walitikisa vichwa kama wanaosikia injili, ingawa wengi wao hawakuelewa hata neno moja. Walimu watatu waliuliza maswali yao, nikayajibu, nikaanza kupumua.

Ndipo yule mkubwa kati yao, mzee mchangamfu, akafungua ukurasa wenye jedwali. Aliuliza kwa nini kumi na mmoja na si kumi na wawili. Nikamjibu kwa Kifaransa, haraka, sawasawa na nilivyoandika. Aliridhika. Lakini aliwatazama kina mama kwenye viti vyao, akawahurumia kwa kukaa saa nzima bila kuambulia kitu, akaniambia kwa wema kabisa:

"Uambie na bamama habari ya ule wa kumi na mbili, nabo basikie."

Niliwaona kina mama wale wote wakitazama sakafu kwa pamoja. Mke wa mjomba alifumba macho. Nkambo peke yake ndiye aliyekuwa akinitazama, mikono juu ya magoti, kidevu juu.

"Ule mama wa kumi na mbili," nilisema, "alikuwa mwenye kuchoka ile siku."

Kicheko kidogo cha shukrani kilipita, mtu akakohoa, yule mwalimu mkubwa akasema uchovu ni jambo la kawaida kwa wazee. Mwalimu wangu aliangalia kalamu yake. Ukweli niliuandika kwa lugha asiyoisoma, uongo nikausema kwa lugha anayoisikia, na wakati ule niliita jambo hilo upendo. Walitoka kujadiliana, wakarudi, wakanipa alama nzuri. Wakanimwagia poda kichwani, kama afanyiwavyo kwetu aliyefaulu, wakapiga vigelegele, tukapiga picha mbele ya jengo la chuo mpaka jua likatuchosha.

Mchana huo chakula kilikuwa kwa mjomba. Sufuria zilikuwa motoni, watu wamejaa uani, na kabla hatujaitwa Nkambo aliniomba nimsindikize chumbani nikamvue viatu, vilikuwa vinambana. Nilipiga magoti, nikaanza kufungua kamba. Vumbi la ile poda lilikuwa limemrukia na yeye, bado liko kwenye nyusi zake.

"Ile siku sikuchoka," alisema.

Nikaendelea kufungua kamba.

"Miye nilianza kutwanga mihogo mama yako bado hayazaliwa. Ile sahani ya kifungo na ile ya kajiwe, nilishika tu na vidole, nikajua ni bukari moja. Nikatia moja mbele, moja kule ku mwisho. Nikasema, huyu anasoma, ataona, ataniuliza."

"Niliona, Nkambo."

"Uliona. Haukuuliza."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeijibu, mimi najua kujibu hasira. Aliniambia kwamba wale wengine anawaelewa: ni wakwe na majirani, wanamwogopa, na anawasikia wakionja nyuma ya nyumba kabla ya kumwita, anasikia hata mwiko ukigonga sufuria. Mwaka mzima alikaa akingoja mtu mmoja amuulize, kwa sababu yeye kuanza kusema mwenyewe hakuweza, angewaaibisha wote waliomfichia. Kisha nikatokea mimi na daftari langu, naenda nyumba kwa nyumba, nataka kila mtu aseme lake peke yake. Alifurahi, alisema. Alijua zamu yake itafika. Akangoja majuma mawili jikoni, akijiuliza atanijibu vipi nikimuuliza.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Kumi na mmoja nilikuwa nimewatenganisha, nyumba kwa nyumba, ili kila mmoja apate kusema anachokisikia, na yule mmoja aliyehitaji kusema nilimtoa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Mbele ya watu nikafungua kinywa changu na likatoka neno lilelile la kina mama wote, la kujifanya sijui. Sikumwomba msamaha kwa maneno. Nilibaki nimeshika kiatu kimoja.

Nje walianza kuita. Sufuria zilikuwa tayari, walikuwa wanamngojea. Nkambo hakuinuka.

Nikakaa chini kwenye mkeka, mbele ya miguu yake, nikamuuliza ilianza lini, na ni kitu gani kilipotea kwanza. Alinitazama kama anayepima swali hilo ni la kweli au la adabu. Chumvi, alisema. Chumvi iliondoka na homa yenyewe. Kisha sukari, alidhani wanamwekea kidogo kwenye chai. Uchungu wa majani ulibaki siku nyingi, akala mboga chungu kila siku ili auweke, nao ukaenda. Moshi wa samaki wakavu watokao Mulongo ndio ulikuwa wa mwisho, ulikaa naye mpaka karibu na Pasaka, na asubuhi moja alivunja kichwa cha samaki, akakinusa, akakilamba, hakuna kitu, moto na baridi tu. Waliita tena kutoka uani, mara ya pili na ya tatu, na mimi nikapaza sauti kwamba wale, wasitungojee, Nkambo ananieleza kitu.